Pikapu imelala nyuma, usukani umekuwa mwepesi: kutafuta uzito uliozidi unapovuta kempa

Mwaka wa kwanza tulipopata kempa, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, tulitoka Louisville alfajiri na watoto watatu kwenda milima ya Smoky. Kabla hatujaingia barabara kuu, madereva watatu tuliokutana nao walikuwa wameshanimulikia taa. Walidhani nimewasha taa kubwa, kumbe pua ya pikapu ilikuwa imeinuka na taa za kawaida zinawapiga machoni. Saa chache baadaye, pale I-75 inapovuka mpaka wa Kentucky na Tennessee na kuupanda mlima Jellico, niliushika usukani nikahisi hauna kitu mbele yake. Kila lori lililotupita lilitusukuma pembeni kidogo, na nilipokunja, gari lilichelewa kuitikia.

Muuzaji alikuwa ameniambia pikapu hiyo inavuta pauni 9,200, na kempa yetu ikijaa kila kitu ilikuwa pauni 6,800. Namba zote mbili ni za kweli. Ila hakuna kati yake inayojibu swali la kwa nini gari lilikuwa limelala.

Kuvuta ni jambo moja, kubeba ni jingine

Aliyewahi kumwona msukuma mkokoteni Kariakoo au Kongowea analijua hili bila hesabu. Mtu mmoja anavuta gunia tano za mchele juu ya magurudumu mawili, lakini mtwishe mbili kichwani uone. Na hata mkokotenini, mzigo ukipangwa mbele sana, mikono ya kushikia inamlemea. Ukipangwa nyuma sana, mikono inainuka na kumnyanyua yeye mwenyewe.

Pikapu na kempa ni hivyo hivyo. Uzito mwingi wa kempa uko juu ya magurudumu yake. Sehemu ndogo inakandamiza pale inapoungana na gari, na huo ndio uzito wa ulimi. Kwa kempa ya kawaida ya kuvutwa kwa nyuma, ulimi unapaswa kuwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa kempa iliyopakiwa. Uzito huo hauvutwi. Unabebwa na pikapu, sawasawa na gunia lililowekwa kwenye bodi.

Kwa hiyo karibu kila dalili nitakayoitaja hapa chini inaanzia kwenye namba ya kubeba. Kwa pikapu nyepesi zinazouzwa Marekani kama magari ya familia, namba hiyo huisha mapema sana, wakati ya kuvuta bado ina nafasi kubwa.

Kabla ya dalili yoyote, soma mlango wa dereva

Fungua mlango utazame fremu yake. Kuna stika yenye rangi nyeupe na njano inayotaja saizi za tairi na upepo wake. Juu yake kuna sentensi ya Kiingereza inayosema kwamba uzito wa abiria na mizigo kwa pamoja usizidi kamwe kilo kadhaa au pauni kadhaa. Hiyo ndiyo namba yako ya kubeba, na ni ya gari hilo hilo ulilosimama mbele yake. Yangu inasema pauni 1,480, yaani kilo 671.

Usichukue namba ya brosha. Brosha husifu pikapu nyepesi kuliko zote za modeli hiyo. Ukishaongeza kabini ya milango minne, ekseli ya mbele inayovuta, paa la kioo na viti vya umeme, gari limekuwa zito, na kila pauni iliyoongezeka kiwandani imetolewa kwenye uwezo wa kubeba. Pikapu mbili zinazofanana kwa jina zinaweza kutofautiana kwa mamia ya pauni.

Stika ya pili hapo hapo ina herufi GVWR, ambayo ni uzito wa juu kabisa wa gari lenyewe na vyote lilivyobeba, na GAWR mara mbili, ambayo ni kikomo cha ekseli ya mbele na cha ekseli ya nyuma. Kwangu ni 7,050 kwa gari zima, 3,750 mbele na 4,050 nyuma. Kuna pia GCWR, uzito wa gari na trela kwa pamoja, ambayo mara nyingi unaipata kwenye kitabu cha mwongozo. Yangu ni 15,100.

Sasa hesabu ya safari ile ya kwanza, kwa pauni. Watu watano, mimi nikiwemo: 610. Kichwa cha kuungia chenye vyuma vya kugawa uzito: 90. Kifuniko cha bodi tulichonunua ili mizigo isinyeshewe: 200. Jenereta, kuni, baiskeli na friji ya barafu ndani ya bodi: 250. Uzito wa ulimi: 880. Jumla ni 2,030. Nilikuwa nimezidi stika kwa pauni 550, kama kilo 250, huku kempa yangu ikiwa chini ya kikomo cha kuvuta kwa pauni 2,400.

Ukitaka kuona jinsi namba ya kuvuta inavyopotosha, chukua ile 9,200. Viwango vya upimaji vinavyotumiwa na watengenezaji huhesabu watu wawili wa pauni 150 kila mmoja na ulimi wa asilimia 10. Kwa hesabu hiyo pikapu yangu inabeba 300 na 920, jumla 1,220, na inapita. Lakini ulimi ukiwa asilimia 13, kama kempa nyingi zilivyo, ni 1,196. Ongeza watu hao wawili tu, bila hata chupa ya maji, unapata 1,496. Stika imeshavukwa na hujapakia kitu.

Dalili: nyuma imelala, taa zinawapiga wenzako

Sababu ya kwanza ni ulimi mzito kuliko ulivyodhani. Brosha ya kempa hutaja uzito wa ulimi kempa ikiwa tupu. Yangu ilisema 620. Baada ya hapo kuna mitungi miwili ya gesi, kila mmoja kama pauni 37 ukijaa, na betri, na vyote vinakaa juu ya ulimi wenyewe. Kisha kuna droo kubwa ya mbele ambayo kila mtu huijaza viti, mabomba na vyuma, kwa sababu ndiyo iliyo rahisi kufunguka.

Tanki la maji ni la kuchunguza peke yake. Galoni moja ya maji ina pauni 8.34, kwa hiyo tanki la galoni 40 likijaa ni pauni 334. Lala chini ya kempa utazame tanki liko wapi. Likiwa mbele ya ekseli, maji yanaongeza uzito wa ulimi. Likiwa nyuma, yanaupunguza, na hiyo nayo ina hatari yake ambayo nitaifikia. Kambi nyingi zina bomba la maji, kwa hiyo sisi sasa tunasafiri na tanki tupu na kubeba maji ya kunywa tu.

Sababu ya pili ni bodi yenyewe. Kitu kilichowekwa nyuma ya ekseli, karibu na mlango wa bodi, kinalaza gari kuliko kitu hicho hicho kikiegemezwa kwenye kabini.

Dalili: usukani mwepesi, gari linatangatanga

Hii ndiyo iliyonitisha pale Jellico, na ndiyo ningependa uielewe vizuri kuliko zote.

Mpira wa kuungia kempa, lile tufe la chuma, hauko juu ya ekseli ya nyuma. Uko nyuma yake. Kwenye pikapu yangu, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 145, na kutoka ekseli ya nyuma hadi kwenye mpira ni inchi 65. Ekseli ya nyuma inakuwa egemeo la wenzo: ukikandamiza mkia, pua inainuka. Chukua 880, zidisha kwa 210, gawanya kwa 145, unapata karibu 1,280. Ulimi wa pauni 880 umeiongezea ekseli ya nyuma pauni 1,280. Hizo 400 za ziada zimetolewa kwenye magurudumu ya mbele, yale yanayokunja na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha gari.

Dawa yake ni vyuma vya kugawa uzito, ile mihimili miwili inayokazwa kati ya kichwa cha kuungia na fremu ya kempa. Inainua mkia na kurudisha sehemu ya uzito mbele, na nyingine inairudisha kwenye magurudumu ya kempa. Mimi nilikuwa nayo siku ile. Ilikuwa imefungwa bila kurekebishwa, mpira ukiwa chini mno na minyororo ikiwa legevu. Pima kimo cha ukingo wa juu ya gurudumu la mbele kabla ya kuunga kempa, kisha pima baada ya kuunga bila mihimili, halafu na mihimili. Kitabu cha gari kitakuambia sehemu ya mbele irudi kiasi gani. Fuata hicho, usifuate jicho.

Tazama pia stika iliyo kwenye kipokeo cha chuma chini ya bampa. Mara nyingi ina vikomo viwili vya ulimi, kidogo kwa anayeunga bila mihimili ya kugawa uzito na kikubwa kwa aliye nayo. Wapo wanaovuta ulimi wa pauni 800 kwenye kipokeo kinachoruhusu 500 bila mihimili.

Dalili: umeweka mifuko ya hewa, gari limenyooka, lakini bado halishikiki

Kwetu, gari likilala fundi anaongeza jani la springi na safari inaendelea. Hapa wanauza mifuko ya upepo ya kuweka juu ya ekseli. Vyote viwili vinafanya kazi moja: vinanyoosha gari. Havirudishi uzito mbele, havibadilishi fremu, ekseli, beringi wala breki, na namba ya mlangoni inabaki ile ile. Tairi ngumu zaidi nazo ni hivyo hivyo. Ni nzuri kuwa nazo, ila hazikupi ruhusa ya pauni hata moja.

Ubaya wa mifuko ya hewa ni kwamba inaondoa dalili uliyokuwa unaiona. Ukiiweka kabla ya kufika mizani, utakuwa umeziba mdomo wa shahidi. Pima kwanza.

Dalili: kempa inatikisa mkia

Hapa tatizo kwa kawaida limegeuka upande: ulimi ni mwepesi mno, chini ya asilimia 10. Nyuma ya kempa kumefungwa rafu ya baiskeli, au tanki la nyuma limejaa maji machafu, au mtu amefanya kosa ambalo naliogopa kuliko mengine. Amegundua amezidi uwezo wa kubeba, akahamishia mizigo nyuma kabisa ya kempa ili ulimi upungue. Kwenye karatasi namba inakaa sawa. Barabarani, lori likipita au upepo ukipiga, kempa inaanza kuyumba, kila myumbo mkubwa kuliko uliotangulia, hadi inaliburuta gari.

Usipunguze ulimi kwa kuhamishia mzigo mkiani. Punguza uzito wenyewe, au uweke mzigo juu ya ekseli za kempa, chini, katikati.

Ikikutokea, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, na usiikanyage breki ya gari kwa nguvu. Ukiwa na kidhibiti cha breki za trela, bonyeza kitufe chake kwa mkono ili kempa ifunge breki peke yake. Inajinyoosha. Usijaribu kuikimbia kwa kuongeza mwendo. Ukishatulia, toka barabarani, kagua upepo wa tairi zote na mpangilio wa mzigo, na uendelee taratibu.

Dalili: harufu ya breki mteremkoni, injini kuchoka mlimani

Breki za pikapu zimepangiwa GVWR yake. Kempa lazima ijisimamishe yenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kulaumu uzito, hakikisha breki za kempa zinashika: tembea polepole kwenye eneo wazi, bonyeza kidhibiti kwa mkono, usikie ikikuvuta nyuma. Isipokuvuta, tafuta waya uliokatika au plagi iliyooza kwa kutu. Ukishuka, tumia gia ya chini tangu mwanzo wa mteremko, kama madereva wa malori wanavyoshuka Kitonga.

Injini kuchoka mlimani ni suala la GCWR na la kimo. Injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Kwenye handaki la Eisenhower huko Colorado, futi 11,158 juu ya bahari, hiyo ni karibu theluthi ya nguvu zote. Hapo gari halijaharibika.

Dalili: tairi ya nyuma ina joto kuliko nyingine

Gusa tairi zote kila ukisimama. Joto likizidi upande mmoja, mzigo umeelemea upande huo au upepo umepungua. Likizidi nyuma yote, rudi kwenye kikomo cha ekseli ya nyuma. Tairi za kempa zinastahili jicho kali zaidi, kwani huzeeka zikiwa zimeegeshwa: soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi, mbili za wiki na mbili za mwaka zilipotengenezwa.

Mizani ndiyo inayomaliza ubishi

Vituo vikubwa vya malori kando ya barabara kuu vina mizani za CAT Scale, na magari madogo yanaruhusiwa. Zina majukwaa tofauti, kwa hiyo unaweka ekseli ya mbele kwenye la kwanza, ya nyuma kwenye la pili, na kempa kwenye la tatu. Nenda na familia yote, tanki la mafuta likiwa limejaa, kila kitu kimepakiwa kama siku ya safari. Pima mara tatu: pikapu peke yake, pikapu na kempa bila mihimili, kisha mihimili ikiwa imekazwa.

Zangu zilikuwa hivi. Pikapu peke yake: mbele 3,320, nyuma 3,400. Nikiwa na kempa bila mihimili: mbele 2,920, nyuma 4,680, kempa 5,920. Toa jumla ya pikapu ya kwanza, 6,720, kwenye ya pili, 7,600, unapata uzito halisi wa ulimi: 880. Mihimili ilipokazwa vizuri: mbele 3,180, nyuma 4,240, kempa 6,100.

Tazama mstari huo wa mwisho. Gari lote na kempa ni 13,520, chini kabisa ya 15,100. Uzito wa mbele umerudi. Na bado pikapu ni 7,420, imezidi GVWR kwa 370, na ekseli ya nyuma imezidi kwa 190. Mihimili ilisaidia kwa pauni 180 tu. Zilizobaki zilikuwa vitu vyangu mwenyewe.

Tulifungua kifuniko cha bodi tukakiacha nyumbani. Jenereta, kuni, baiskeli na friji tukaviingiza ndani ya kempa, vikafungwa sakafuni juu ya ekseli. Kwanza nilihakikisha kempa yenyewe haivuki kikomo chake cha 7,200. Tanki la maji, ambalo kwa kempa yetu liko mbele, tukalimwaga. Tuliporudi kwenye mizani: mbele 3,160, nyuma 3,740, kempa 6,080. Pikapu ikawa 6,900, na nafasi ya pauni 150 chini ya GVWR. Kwa mkato wa hesabu ile ile, ulimi ukawa kama 800 kwa kempa ya 6,720, karibu asilimia 12.

Nafasi ya 150 si kubwa. Binti yangu mkubwa anakua, na kila mwaka napima upya kabla ya safari ya kwanza. Tukitaka kempa ndefu zaidi, itabidi tubadili gari liwe lenye ekseli na springi nzito zaidi, na nitakapokwenda kulitazama, nitafungua mlango wa dereva kabla ya kumsikiliza mtu yeyote. Anayefikiria kempa za kuungia ndani ya bodi, zile za shingo ndefu, ajue ulimi wake huwa kama asilimia 20 hadi 25, na za kupandishwa mgongoni mwa pikapu hubebwa zote, pauni kwa pauni.